Sauti Moja, Kanda Tatu

Mwaka huu mwanangu alileta fundi wa kamera, kwa sababu ya wezi wa kuku na wa ndizi. Fundi mwenyewe ana adabu, alikuja na ngazi yake na begi la vifaa, na alipomaliza kufunga kamera kwenye nguzo ya lango akaniambia picha zote zitaingia katika kinasa kimoja kitakachokaa sebuleni, chini ya televisheni. Nikamwambia hapana. Picha iende kwenye vinasa viwili, na kimoja kisikae katika nyumba hii.

"Mama, moja inatosha," akasema. "Hii mashine ni ya kisasa."

Nilimwambia mwizi mwenye akili ataiba kuku, kisha aingie sebuleni aibe na kinasa, nasi tubaki na kamera nzuri inayotazama barabara bila kukumbuka chochote. Akaenda garini kutafuta waya mwingine. Sikumweleza kwamba somo hilo si la jana. Nililipata miaka ya sabini, wakati huku kwetu hakukuwa na kamera ya aina yoyote, na tulichokuwa nacho ni maikrofoni moja ya kuazima. Mwalimu wangu alikuwa baba mkubwa, ndugu wa baba yangu, Mungu amweke anapostahili. Sijasema ni wapi.

Boma letu liko kwenye mteremko, upande wa Nyamira. Juu ilikuwa nyumba ya baba mkubwa na chai yake, katikati nyumba yetu, na chini, kandokando ya kijito, kipande cha udongo mweusi tulichokiita bondeni. Bondeni ndiko Mama alikokuwa na migomba, viazi vitamu na mboga za kienyeji, chinsaga na managu, ambazo siku za soko alizipeleka mpaka Daraja Mbili. Tulikula bondeni, tukavaa bondeni, na mimi nikasoma bondeni hadi darasa nililoishia. Babu alikuwa amewagawia wanawe wawili ardhi kwa kupanda mstari wa mitembe, ile miti ya maua mekundu ambayo kwetu hupandwa mpakani kwa kuwa hata ukiikata huchipuka tena kwa ukaidi. Juu ya mstari ni kwa baba mkubwa, chini ya mstari ni kwetu. Hata ng'ombe walijua.

Kabla sijafika kwenye ugomvi, lazima niseme habari ya mvua ya mawe. Ilikuwa miaka ya sitini, mimi bado msichana mdogo. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuoa na kujenga nyumba yake chini kidogo ya yetu. Alasiri moja Baba alikuwa akitoka kuchuma chai wakati mawe yalipoanza kuanguka, yale mawe ya milimani yanayochana majani ya mgomba yakabaki nyuzi. Alikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa kaka. Mlango uko wazi, moto unawaka ndani, mke wa kaka ameketi anamenya viazi. Baba akapita, akaenda kusimama chini ya mgomba, akajifunika kichwa kwa kikapu cha chai, mawe yakampiga mabega hadi yakaisha hamu.

Nilicheka. Mama alinifinya sikio.

"Pale ni kwa mwanawe," aliniambia. "Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa."

"Hata akiuawa na mawe?"

"Atazikwa akiwa na heshima yake."

Hiyo ndiyo chinsoni, haya ya kati ya vizazi, na kwetu haina mzaha. Mama mzazi anaweza kuingia kwa mwanawe akakaa sehemu ya mbele. Baba, na kila mtu anayeitwa baba, hubaki nje, apokelee uji wake uani. Na ndugu wa baba ni baba, hakuna tofauti. Siku ile niliona ni upuuzi wa watu wazima. Nilikuwa na mengi ya kujifunza.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kaka alikuwa ameajiriwa mashamba makubwa ya chai huko Kericho, anarudi nyumbani mara chache, kwa hiyo bomani walibaki wanawake wawili, Mama na wifi yangu. Mimi nilikuwa mjini Kisii. Nilikuwa nimepata kazi katika duka la redio karibu na msikiti, la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara na akasahau kurudi. Mwanzoni niliuza betri na sindano za gramafoni. Baadaye mzee aliona nashika chuma cha kulehemu bila kuogopa, akaniachia meza ya nyuma. Wateja waliingia wakauliza, "Fundi yuko wapi?" huku wakinitazama. Niliwaacha wasubiri mpaka wachoke.

Matanga ya Baba hayajapoa vizuri, baba mkubwa alianza. Kwanza alifunga ndama wake bondeni, eti majani ya juu yamekauka. Kisha ndama akawa ng'ombe. Kisha akaanza kusema njiani, kwa ile sauti yake iliyozoea kusikilizwa, kwamba bondeni lilikuwa lake tangu zamani na alimwazima tu ndugu yake, na kwamba mitembe ile ni Baba aliyeipanda kwa siri akijiongezea. Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo, wale wanaoketi kusikiliza kesi za ardhi, akawaomba waje.

Wakaja. Nami nikaja kutoka mjini na redio kaseti ya dukani, nikaiweka juu ya kigoda, nikabonyeza. Wazee waliipenda. Mmoja aliisogelea akaiamkia kabla ya kuanza kusema. Walizungumza kutwa, na mwisho wakakata maneno: mitembe ndiyo mpaka, bondeni ni kwa mjane. Baba mkubwa aliinamisha kichwa akasema amekubali. Maneno haya ya nyumbani nayatia Kiswahili hapa, lakini yalisemwa kwa Ekegusii safi, na yote yaliingia kwenye kanda.

Ndipo tukafanya kosa ambalo sidhani watu wengine wangelifanya. Mzee mmoja aliuliza kanda itakaa wapi. Hakuna aliyefikiri. Kwetu kitu cha boma hukaa kwa mkubwa wa boma, iwe ni mkuki, iwe ni kiti cha babu, iwe ni kanda. Na mkubwa wa boma alikuwa nani? Mama aliichukua kwa mikono miwili, akaenda akampa baba mkubwa. Mimi nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Asingeweza kufanya vingine. Kumnyima kanda mbele ya wazee ingekuwa kumwita shemeji yake mwizi saa ile ile aliyokubali hukumu, na Mama alikuwa mwanamke wa Kisabato aliyefundishwa kuwa ulimi hauna mfupa. Kwa hiyo tulimpa fisi bucha, tena kwa adabu.

Muda ukapita. Tukasikia wapima mashamba wa serikali wameshaanza upande wa pili wa kilima, wakipiga vigingi na kuandika majina, na kwamba wakishapima imekwisha, hakuna wa kubisha tena. Wiki ile ile baba mkubwa alipanda ua wa katani. Aliupanda chini, kwenye kijito kabisa, akaliweka bondeni lote ndani. Mama alipouliza, akajibiwa kwamba hivyo ndivyo wazee walivyosema.

Wazee wakaitwa tena. Mmoja wao alikuwa amekufa. Mwingine alikuwa mzee sana, kumbukumbu yake imekuwa kama kibuyu chenye ufa. Wengine walikumbuka hivi, wengine vile, na baadhi walikuwa wamekunywa chai nyingi mno nyumbani kwa baba mkubwa kuweza kukumbuka vizuri.

"Kwa nini tubishane?" baba mkubwa akasema. "Kanda ninayo. Tusikilize."

Akaitoa katika kitambaa, akaiweka kwenye redio kaseti yake mwenyewe, akabonyeza. Likatoka gitaa la Kongo. Gitaa tamu, nakiri, na ngoma nyuma yake. Tulisubiri liishe tukidhani ni mwanzo tu. Halikuisha. Mzee mmoja alianza kutikisa mguu. Wengine wakacheka mpaka machozi. Baba mkubwa akanitazama kwa huruma, akasema, "Labda msichana hakujua kubonyeza."

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la leso yake kwa vidole vyote. Mimi niliwaka moto. Nimewahi kutukanwa mjini na walevi, nimewahi kukemewa na mapolisi, lakini sijawahi kukasirika kama siku ile. Nilikuwa nafungua redio za wanaume wazima na kuzirudishia uhai, halafu mtu aliyefuta sauti za wazee kwa gitaa ananiambia sijui kubonyeza. Wazee waliona haya kidogo, wakasema basi, watakaa upya na kusikiliza tangu mwanzo, Jumapili ijayo, kabla wapimaji hawajavuka kilima. Nilirudi Kisii na nadhiri moja kichwani: safari hii sauti haitakuwa na mlango mmoja wa kutokea.

Nilimweleza mzee wa duka. Alikuwa anasafisha kichwa cha kinasa kwa pamba na spiriti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Binti, hiyo maneno ya mashamba na wazee mimi siitaki," akasema. "Lakini kufuta kanda ya watu na kuweka muziki, hiyo imeniudhi. Sasa unataka nini?"

Nikamwambia nataka maikrofoni moja iingize sauti kwenye vinasa vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja mahali pake. Alinyanyua nyusi, akanisogezea maikrofoni. "Jaribu."

Niliunga nyaya tatu kwenye mzizi mmoja, nikachomeka vinasa vitatu, nikahesabu kwa sauti. Nilipocheza kanda, nilijisikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi ulio ndani ya mtungi mwingine, na juu yake mvumo wa nyuki. Mzee akacheka kwa pua.

"Sauti ya maikrofoni ni ndogo. Ukiigawa tatu ikiwa ndogo hivyo, kila mtu anapata makombo. Kuza kwanza, gawa baadaye."

Alikuwa na amplifaya ya zamani ya kukodisha kwenye maharusi, inayokubali betri ya gari. Maikrofoni ikaingia humo, sauti ikakua, na kutoka humo tukavuta matawi matatu. Niliona kazi imekwisha. Mzee akanyoosha mkono, akachomoa plagi ya kinasa kimoja na kugusisha nyaya zake zile mbili. Vinasa vingine viwili vikakaa kimya papo hapo.

"Umeona? Huyo mzee wako akikata moja, ameua zote. Kila tawi iwekee rezista yake. Moja ikifa, zingine zisijue kama kuna msiba."

Nikalehemu rezista, vile vijipande vya kubana umeme, kila tawi, nikaijaribu. Nilichomoa, nikagusisha nyaya, nikakata kwa mkasi. Vile vingine viliendelea kunasa sauti bila habari. Alinifundisha na jambo jingine, kwamba nisivianzishe vyote kwa pamoja, maana vyote vingefika mwisho wa upande kwa pamoja, na wakati tunageuza kanda maneno yangepita hewani. Basi nilipanga cha kwanza kianze mapema, cha pili baadaye, na cha tatu nikipe kanda ndefu kuliko vyote.

Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha, nilifika nyumbani na mzigo ulionivunja kiuno. Tulikaa jikoni wanawake watatu, tukapanga. Kinasa kimoja kitakaa mezani mbele ya wazee, mahali pa wazi. Cha pili jikoni kwa Mama. Cha tatu?

"Tukifiche kwenye ghala," nikasema.

"Ataingia ghalani," akasema Mama. "Ni ghala la ndugu yake."

"Basi kwa jirani."

Wifi yangu alikuwa mtu wa maneno machache, anafanya kazi huku umesahau kama yupo. Alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua uso.

"Kileteni kwangu," akasema. "Wala msikifiche."

Mama alimgeukia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba afariki, akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, nilikumbuka kikapu cha chai juu ya kichwa cha Baba na mawe yakimpiga.

Asubuhi nilitandaza nyaya juu ya nyasi, peupe, kuku wakizidonoa. Wazee walikaa kwenye mabenchi uani, mbele yao meza, juu ya meza maikrofoni, amplifaya na kinasa cha kwanza. Mzee aliyeongoza kikao alikuwa na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa kali. Alizitazama nyaya, moja ikiingia jikoni, nyingine ikiteremka hadi mlango wa wifi.

"Binti, kamba zote hizi ni za nini?"

"Mzee, kanda ya kwanza ilijifunza kuimba," nikasema. "Leo nimeleta tatu, zichungane. Moja iko hapa, ya pili jikoni kwa Mama, ya tatu kwa mke wa kaka yangu."

Wazee wakacheka. Baba mkubwa hakucheka.

"Hiyo ya mezani inatosha," akasema. "Hatujafika kortini."

"Inatosha kwa asiye na wasiwasi, baba."

"Mjini kumekuharibu."

"Muache," akasema mzee wa kofia. "Masikio yakiwa mengi, msema kweli amepungukiwa nini? Anza wewe, maana wewe ndiwe mkubwa."

Akaanza. Alikuwa msemaji, simnyimi haki yake. Alisimama, akajifunga koti, akawarudisha wazee mpaka enzi za babu. Alitaka waone kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwana wa kweli, mkono wa kuume wa baba yake, wakati baba yangu bado anachunga ndama na kucheza kwenye matope. Alieleza walivyofyeka msitu wote wawili. Alieleza walivyowinga tumbili. Sauti ikampanda, macho yakamwaka, na naamini alikuwa amesahau kabisa alichokuja kudai.

"Siku ile ya kupanda," akasema, "ndugu yangu alikuwa wapi? Mimi ndiye niliyechimba mashimo, kutoka barabarani hadi kwenye jiwe. Baba alishika mche, mimi nikashindilia udongo kwa mguu huu."

"Mche gani?" mzee wa kofia akauliza taratibu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mitembe," akasema.

Wazee wakainama mbele kwenye mabenchi. Hata mimi niliyekuwa nachungulia mshale wa amplifaya, ule unaocheza kila sauti inapoingia, niliinua kichwa. Mtu aliyedai kwamba mitembe ilipandwa kwa siri na ndugu yake alikuwa amesema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba aliipanda babu, na yeye ndiye aliyeshindilia.

"Kwa hiyo baba yenu aliweka mpaka," mzee akasema, "na wewe ukaukanyaga ukashika."

Baba mkubwa alitazama maikrofoni. Nadhani ndipo alipokumbuka kuwa ipo.

"Nimesema vibaya," akasema. "Simamisha hiyo mashine. Nitaanza upya."

Sikujisogeza. Wala wazee hawakuniambia nijisogeze. Akaja mezani mwenyewe, akang'oa waya wa kinasa, akafungua kifuniko, akatoa kanda akaitia mfukoni mwa koti. Nilitazama mshale. Ulikuwa bado unacheza. Nilimwombea mzee wa duka dua zote ninazozijua, za Kisabato, labda na za upande wake.

Aliuona waya wa jikoni. Akaufuata kwa miguu ya haraka, akaingia. Mama aliinuka, nikamshika nguo. Alitoka na kinasa kizima kwapani, waya ukiburuzika nyuma yake, mzee mwenye mvi ambaye asubuhi ile alikuwa ameamkiwa na kila mtu. Hakuna aliyemzuia. Baadaye mzee wa kofia aliniambia kwamba alitaka kuona atafika wapi.

Alifuata waya wa tatu. Uliteremka kwenye nyasi, ukapita kando ya migomba, ukaingia kwa mlango wa wifi. Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa hadi ukutani. Kutoka mabenchini tuliona ndani vizuri: wifi kwenye kigoda, mbele yake kinasa juu ya sanduku, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka. Baba mkubwa alifika kwenye jiwe la kizingiti. Akasimama.

"Lete hiyo kanda," akasema.

Wifi aliinuka. Hakumtazama usoni, kama ilivyo adabu ya mke wa mwana. Akakichukua kigoda alichokalia, akakipangusa kwa leso upande wa juu, akakipangusa na miguu yake pia, akakiweka katikati ya chumba pale mgeni anapowekewa. Kisha akasogea ukutani, akainamisha kichwa.

"Karibu ndani, baba," akasema. "Kiti hiki hapa."

Hakuna tusi ambalo lingelingana na ukarimu ule. Baba mkubwa aliinua mguu. Niliuona, mguu ule ule ulioshindilia mitembe, umeinuka juu ya jiwe na haujui uende wapi. Wazee wote walikuwa wamesimama. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa amepita juu ya neno la wazee, juu ya ndugu yake aliye kaburini, juu ya mjane na migomba yake, na hapakuwa na kitu kilichomzuia. Sasa alikuwa mbele ya mlango usio na ufunguo wala komeo, mwanamke mmoja kijana yuko ndani peke yake, na hawezi.

"Ukiingia," mzee wa kofia akamwambia kutoka kwenye benchi, bila kupaza sauti, "tutakuita nani?"

Aliushusha mguu nje.

Nami sitajifanya mwema. Nilitamani mvua ya mawe inyeshe saa ile ile, nione ni mgomba gani atakaoukimbilia. Lakini jua liliendelea kuwaka, na yeye akapanda polepole hadi uani, akakaa mahali pake, kinasa cha jikoni bado kiko kwapani kama mtu aliyesahau mtoto mgongoni. Wazee walimaliza kazi. Mitembe ndiyo mpaka. Ua wa katani ung'olewe kabla wapimaji hawajafika. Bondeni ni kwa mjane na watoto wake. Yote hayo yaliingia kwenye kanda ya tatu, pamoja na kikohozi cha mzee mmoja na jogoo wetu.

Walipokuwa wanaaga, mzee wa kofia akauliza swali lile lile la zamani. "Na kanda hii itakaa kwa nani?"

Kwa mazoea, naapa, mkono wa baba mkubwa ulianza kunyooka wenyewe. Na kwa mazoea macho ya kila mtu yalimgeukia Mama, tukimsubiri afanye alivyofundishwa. Mama alikuwa amesimama karibu na meza. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kumjibu shemeji yake mbele za watu.

"Itakaa ilipo," akasema.

Baba mkubwa akafungua kinywa. Mama alikuwa hajamaliza.

"Atakayetaka kuisikia, mlango uko wazi."

Wapimaji walikuja, wakafuata mitembe, wakapiga vigingi vyao. Mama alilima bondeni mpaka nguvu zilipomwisha, na alipoona mimi sina haja ya kuolewa na mtu yeyote alinikatia kipande nijenge, jambo ambalo nalo lilizungumzwa sana, na watu waliozungumza wamechoka. Nyumba hii ninamoandika iko bondeni. Fundi wa kamera aliporudi na waya wake aliniuliza kinasa cha pili akiweke wapi, nikamwelekeza kwa kidole, juu kidogo, nyumba ya wifi yangu, ambaye sasa ni mzee na bado ni wa maneno machache. Kanda ile anayo mpaka leo, kwenye sanduku lile lile.

Baba mkubwa aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo. Njia yake ya kwenda sokoni ilipita mbele ya nyumba ya wifi, na kila alipopita alikohoa kidogo, akaamkia, akaitikiwa kwa heshima zote. Mlango haukufungwa hata mara moja.